AFYA YA MAMA: Mimba Zabibu, Usiache Kurudi Kupima Damu

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulinong'ona tu, nalo ni mimba zabibu.

Mimba hii huanza na hitilafu wakati wa kutungwa. Kondo la nyuma huvimba likawa vifuko vya maji kama kichala cha zabibu, na mara nyingi mtoto hayumo. Dalili zake ni kutokwa damu, kutapika kupita kiasi, tumbo kuwa kubwa kuliko miezi yake, na pengine shinikizo la damu kupanda mapema. Haitokani na uchawi, uzinzi wala laana. Basi asiwepo wa kumnyooshea mwenzake kidole.

Kondo hutoa homoni iitwayo hCG, ile ile inayoonekana katika kipimo cha mkojo. Katika mimba njema hupanda hadi kama wiki ya 10, kisha hushuka. Katika mimba zabibu huweza kupanda mno. Kizazi kikisha kusafishwa, homoni hiyo yapasa kushuka hadi iishe. Isiposhuka, au ikipanda tena, ni ishara kwamba chembe zimebaki na zinakua, nazo zaweza kugeuka saratani. Kati ya wanawake 100 waliosafishwa mimba zabibu kamili, wapatao 15 hadi 20 huhitaji matibabu zaidi.

Viashiria vingine vya saratani huweza kutudanganya wakati wa mimba. AFP hutengenezwa na mtoto tumboni, na CA-125 hupanda miezi ya mwanzo hata kwa mama mzima. Kwa hiyo mjamzito asikate tamaa kwa karatasi ya maabara, amwulize daktari.

Shida yetu hapa Singida ni kurudi. Mama akisafishwa hujiona mzima. Alizeti na vitunguu vinamngoja shambani, nauli haipo, na mume anatamani mtoto mwingine upesi. Lakini damu hupimwa kila wiki hadi homoni iishe, kisha kila mwezi kwa miezi kadhaa kama daktari atakavyoagiza. Muda huo usishike mimba, kwa kuwa mimba mpya hupandisha homoni ile ile na kuuficha ugonjwa. Ukiwa Makiungu, Kiomboi, Iambi au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, usitoke kabla ya kuuliza: nirudi tarehe gani, na damu itapimwa wapi?

Mwaka 1956 madaktari Li na Hertz wa Marekani walionyesha kuwa dawa ya methotrexate huponya saratani hii, ambayo zamani iliua wengi. Leo, ikigunduliwa mapema, karibu wote hupona, na wengi huzaa tena. Hapa nchini matibabu ya saratani hutolewa Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza.

Akina baba, kuku wawili wakiuzwa kwa ajili ya nauli si hasara. Nanyi vikundi vya akina mama kanisani, mkumbusheni mwenzenu tarehe yake, na mmoja amsindikize. Yule mama aliyetokwa damu miaka 12 alipenya katikati ya umati ili apone. Nasi tusimwache mwenzetu apenye peke yake.