Nyumba ya mawe, na jina lililo kwenye karatasi



Mama mmoja wa AVEC yetu ameniletea swali. Binti yake na bwana wake wanaishi England, na wanataka kununua nyumba ndogo ya mawe karibu na kanisa na maduka ya kijiji. Wameambiwa ni ya wakati wa malkia Victoria. Mama anashangaa: "Mwalimu, watoto wachukue deni la benki juu ya nyumba ya kizee hivyo?"

Victoria alitawala kutoka 1837 mpaka 1901. Kwa hiyo nyumba hiyo imepita miaka 120, na kule uzee peke yake haushushi bei, zaidi sana pale mtu anapofika dukani kwa miguu. Lakini mawe yana tabia yake. Wajenzi wa zamani waliyaunganisha kwa chokaa, na chokaa inaacha unyevu utoke. Akija fundi wa siku hizi akaziba kwa simenti, maji yanabaki ndani ya ukuta, rangi inabanduka, mbao zinaoza. Basi kabla ya kulipa, waite mkaguzi anayezijua nyumba za zamani, atazame paa, kuta na sakafu. Malipo yake ni madogo kuliko kujenga paa jipya. Waulize pia kama nyumba iko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na serikali. Ikiwa iko, hata kubadilisha madirisha kunaweza kuhitaji ruhusa.

Tena England kupatana bei si kununua. Mkataba unawafunga siku wanasheria wa pande mbili wanapobadilishana karatasi zenye sahihi, na kwa kawaida mnunuzi anatoa asilimia 10 siku hiyo. Kabla ya hapo muuzaji anaweza kumpa mwingine. Watoto wasifunge mizigo bado!

Sasa swali ambalo mama hakuniuliza, nami ndilo linanisumbua: litaandikwa jina la nani? Kama nyumba ilijengwa katika miaka ya kwanza ya Victoria, kwa kawaida mali ya mke ilikuwa mkononi mwa bwana wake. Sheria iliyomruhusu mwanamke wa England aliyeolewa amiliki mali yake mwenyewe ni ya 1882. Tusiwacheke. Kwetu Congo, Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya bwana kabla ya kujifunga kisheria, mpaka sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilipoigeuza.

Kule, bibi na bwana wanaweza kuwa wenye nyumba pamoja kwa njia mbili. Katika ya kwanza, mmoja akifa, nyumba yote inabaki kwa mwenzake. Katika ya pili, kila mmoja ana fungu lake, na anaweza kuliachia watoto kwa wasia. Binti asaidie kulipa deni kila mwezi, halafu jina lake likose? Aulize kwa mwanasheria, bwana akiwa pale pale anasikia. Hiyo si kukosa heshima.

Na ninyi wenye viwanja hapa mjini: karatasi ya kuuziana mliyoandika mbele ya mashahidi haitoshi. Inayothibitisha haki yako ni certificat d'enregistrement. Itoeni sandukuni, msome majina yaliyo juu yake. Ambaye Kifaransa chake kinamsumbua, alete kopi kwenye mkutano wa juma lijalo, tutaisoma pamoja.