MS siyo jini. Serikali ituletee vipimo na dawa

Makamanda, leo naiacha tume ya uchaguzi kidogo. Kuna ugonjwa unaitwa maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS, unaowakamata zaidi vijana wa miaka 20 hadi 40, na wanawake kuliko wanaume.

Kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando wa neva za ubongo, macho na uti wa mgongo. Fikiria waya wa umeme uliochunwa plastiki. Jicho moja linauma ukiligeuza, linaona ukungu, baada ya wiki kadhaa linapona, mnasahau. Miezi inapita, miguu inakufa ganzi, mkojo haubaniki, joto likipanda hali inazidi. Hapo ndugu wanachangishana nauli ya kwenda kwa mganga.

Namfahamu dada mmoja wa mtaani kwetu. Zahanati ilimpa vitamini, hospitali ikampa dawa za maumivu. Alipofika kwenye MRI alishaanza kutembelea fimbo. Simlaumu nesi wala daktari, maana utakionaje usichokuwa na mashine ya kukiona? Damu hupimwa ili kuondoa UKIMWI, kaswende au upungufu wa vitamini B12, lakini damu peke yake haikuonyeshi MS. Inatakiwa MRI ya ubongo na uti wa mgongo, wakati mwingine na maji ya uti wa mgongo, halafu bingwa wa neva wa kuunganisha hayo yote.

Watatuambia huu ni ugonjwa wa Wazungu. Kweli, Ulaya umeenea zaidi. Lakini pasipo na MRI takwimu zitatoka wapi, mbinguni?

Sindano za steroidi zinatuliza shambulio, hazizuii lijalo. Dawa za kuzuia zipo. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliweka tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Hiyo ya mwisho inatibu saratani siku zote, wala siyo ngeni!

Mwaka huohuo Bunge likapitisha Bima ya Afya kwa Wote, wakapigiana makofi. Sasa muulizeni mbunge wenu, tena mkutanoni, kipaza sauti kikiwa wazi: MRI na dawa za MS zimo kwenye kitita? Na ile asilimia 15 ya bajeti kwa afya, iliyoahidiwa Abuja 2001, iko wapi? Akijibu "tunalifanyia kazi", mwambieni ataje tarehe.