Kiboko na Wazazi wa Kariakoo

Mwaka 1955, TANU ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu, wazee wetu walianzisha TAPA, chama cha wazazi wa Kiafrika wa Tanganyika. Shule za mkoloni hazikututosha, nao wakaona aibu kukaa wakingoja. TAPA ndiyo iliyozaa Jumuiya ya Wazazi ya leo. Sasa iko kazi nyingine ya wazazi, nami nataka Jumuiya hiyo iishike kwa mikono miwili: kipigo wanachopata vijana wetu majumbani.

Mwaka 2009 vijana wa nchi hii waliulizwa, na majibu yakatangazwa mwaka 2011. Karibu watatu katika kila wanne, wasichana kwa wavulana, walisema wamepata kupigwa kabla ya kutimiza miaka 18. Wapigaji wakubwa ni jamaa wa nyumbani na walimu.

Tazama Kariakoo yetu. Baba na mama watoka kabla ya jua kuchomoza, warudi baada ya isha. Kijana wa miaka 14 aachiwa wadogo zake, maji, chungu na fedha za mauzo. Fedha zikipungua, mkanda. Mzazi huyo hana roho ya chui. Amechoka, ana deni, wala hakuna aliyemfundisha njia nyingine.

Wako watakaosema fimbo ni mila yetu, na kuzungumza na mtoto ni mambo ya Wazungu. Nawauliza, hamsa ishirini ililetwa na nani? Mjerumani ndiye aliyemlaza mtu mzima kifudifudi akamchapa viboko 25. Nasi baada ya Uhuru hatukukitupa kiboko: mwaka 1963 Bunge letu lilikitia katika sheria ya adhabu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza adhabu ya kikatili, lakini yamwachia mzazi nafasi ya "kumrekebisha" mwanawe. Hapo ndipo mkanda unapopenya.

Wenzetu wa Afrika Kusini, katika jimbo la Eastern Cape, mwaka 2015 na 2016 walifanya jaribio kwa jamaa 552. Mzazi na kijana wake walifundishwa kwa mikutano 14, wakiongozwa na watu wa hapo hapo: kusifu jema, kuzuia hasira, kupanga fedha, kumkinga kijana na hatari. Baadaye wazazi walieleza kuwa kipigo kimepungua karibu nusu. Vijana walipoulizwa, hawakuona upungufu mkubwa namna hiyo.

Mimi nalithamini jibu la vijana. Mzazi aweza kumpendeza mgeni mwenye daftari, lakini mtoto ajua yaliyotokea usiku. Basi darasa peke yake halitoshi, yatakiwa na jirani mwenye masikio. Chama chetu kina jirani huyo katika kila shina, naye ni balozi.

Mafunzo hayo yalifika hata kwetu, yakiitwa Furaha Teens, ndani ya mradi wa Kizazi Kipya uliolipiwa na Marekani. Mwaka 2025 Marekani hao wakaukunja mkono, misaada mingi ikakatika kwa siku chache. Kulea watoto wetu kwa fedha ya mtu awezaye kuamka asubuhi akaikata, huko ni kujitawala gani?

Kazi yenyewe yataka watu kuliko fedha. Jumuiya ya Wazazi ianze na kata za Kariakoo na Gerezani, wazazi ishirini ishirini pamoja na vijana wao, Jumapili jioni, maana mwenye duka hatafunga Jumatatu kwa ajili ya maneno. Akina baba waje wenyewe, wasiwatume wake zao. Vijana waulizwe peke yao, mbali na wazazi, mwanzoni na baada ya miezi sita. Na balozi ambaye mkanda unaning'inia ukutani kwake aketi mstari wa mbele.