Beji ya Mtoto Haimsubiri Mgeni Rasmi

Kila msimu wa sherehe za skauti, mambo ni yale yale. Watoto wamepangwa mistari uwanjani tangu saa mbili asubuhi, sare zimepigwa pasi, soksi zimevutwa hadi magotini. Beji zao zimo ndani ya bahasha, juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cheupe, chini ya turubai. Mgeni rasmi aliahidi kufika saa nne. Saa saba jua linapasua utosi, mtoto mmoja ameanguka akabebwa kivulini, na mshehereshaji bado anatangaza kwamba Mheshimiwa yuko njiani. Anaposhuka garini hatimaye, wa kwanza kuvishwa skafu uwanja mzima ni yeye.

Mimi ni mlezi wa skauti na ninalipinga jambo hili, hadharani na kwa jina la wale watoto waliosimama juani. Napinga pia kila kilichojificha nyuma ya sherehe hiyo: beji zinazocheleweshwa, masharti yanayobuniwa na walezi, saini zinazotiwa bila mtihani, na michango isiyo na risiti. Yote yanatokana na kosa moja. Watu wazima tumejipa umiliki wa kitu ambacho ni mali ya mtoto.

Nianze na skafu, maana hiyo inaonekana na kila mtu. Mtoto haipati bure. Anajifunza sheria za skauti hadi azikariri na kuzieleza, anajifunza saluti ya vidole vitatu na maana ya kila kidole: wajibu wake kwa Mungu na nchi, kuwasaidia wengine, kuitii sheria ya skauti. Kisha anasimama mbele ya wenzake na kuapa kwa sauti yake mwenyewe, mara nyingi akitetemeka. Ndipo anafungwa kile kitambaa shingoni, na hata hapo si pambo: kikikunjuliwa kinakuwa bendeji ya pembe tatu, kinabeba mkono uliovunjika, kinafunga kifundo kilichoteguka. Watu wazima nao wamewekewa njia yao. Kozi yao ya kwanza ilifanyika Gilwell Park, Uingereza, Septemba 1919, na leo kiongozi huvaa skafu ya Gilwell na shanga zake mbili baada ya kuhitimu mafunzo, na popote anapokwenda duniani wenzake wanajua amepita wapi.

Sasa tazama picha za magazeti yetu. Waziri anavishwa skafu na skauti. Mkuu wa mkoa anavishwa skafu na skauti. Mgombea, mfadhili, meneja wa kampuni, wote wanavishwa, tena na mtoto aliyenyanyuka kwa ncha za vidole ili afikie shingo ya mkubwa. Hawakuapa lolote. Baadhi yao wataivua kabla gari halijavuka lango la uwanja. Na yule mtoto aliyejifunza kwa miezi anaona kwa macho yake kwamba alichokitolea jasho, mwingine anakipata kwa cheo. Ukimfundisha hivyo akiwa na miaka kumi na miwili, usije ukashangaa akiwa na arobaini anatafuta kazi kwa kujuana.

Mgeni aheshimiwe, ndiyo. Apewe mkono wa kushoto kama maskauti wanavyosalimiana, apewe maji na kiti. Tena kama kweli anawapenda watoto hawa, muda wake autumie kuwasikiliza. Skafu ibaki kwa aliyeapa.

Lakini jeraha kubwa zaidi ni kusubirishwa. Mtoto amemaliza masharti yote ya daraja lake mwezi wa tatu. Amefunga mafundo, amesoma ramani na dira, amepika kambini, amehudumia majeruhi wa mfano. Anaambiwa beji yake itatolewa kwenye sherehe ya wilaya. Sherehe ya wilaya inangoja ratiba ya mgeni rasmi. Ratiba inasogezwa hadi mwezi wa sita, kisha wa tisa, kisha likizo inaingia. Na katika vikosi vingi, mwanzo wa kuhesabu daraja linalofuata ni siku ya kuvishwa, kwa hiyo mtoto amekaa bure miezi sita au zaidi bila kosa lolote. Nchini Kenya skauti hupita Sungura, Chipukizi, Mwamba hadi Jasiri, na kila ngazi ina umri wake, ukifika, unahama. Kwa watoto wa namna hiyo kucheleweshwa ni kunyimwa. Kuna wanaohama ngazi huku beji waliyoistahili imebaki ndani ya droo ya ofisi.

Mwanzilishi hakulijenga jambo hili hivyo. Robert Baden-Powell alipowakusanya wavulana wapatao ishirini kisiwani Brownsea, Agosti 1907, alichanganya watoto wa shule za matajiri na watoto wa vibarua katika makundi madogo, kila kundi chini ya kijana mwenzao. Mwaka uliofuata, 1908, alichapisha kitabu chake na kuweka madaraja matatu: mwanagenzi, daraja la pili, daraja la kwanza. Soma masharti yale ya mwanzo uone yalivyokuwa wazi. Wa daraja la kwanza aende maili saba na kurudi, kwa miguu au kwa mashua, kisha aandike taarifa ya safari. Aogelee yadi hamsini. Amlete mtoto mpya aliyemfundisha yeye mwenyewe. Na fedha iliyotajwa ilikuwa akiba ya mtoto mwenyewe benki, pensi sita kwa daraja la pili na shilingi moja kwa daraja la kwanza. Ilibaki kwa jina la mtoto. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtoto alipie turubai.

Katika maandishi yake kwa walezi, Baden-Powell alishikilia jambo ambalo wengi wetu tumelisahau: kipimo cha beji ni juhudi ya mtoto huyu, kwa kuangalia alipoanzia. Hakutaka mtihani wa darasani wenye alama ya kufaulu iliyo sawa kwa wote. Mtoto mzito wa kukimbia anayejitahidi hadi pumzi ya mwisho anastahili kutiwa moyo kuliko mwepesi anayecheza. Hiyo ndiyo roho ya kanuni. Ukiipoteza unabaki na karatasi.

Na nani alipaswa kuamua? Hapa ndipo penye utajiri ambao tumeuacha ukaoza. Katika mfumo wa awali kulikuwa na Baraza la Heshima, na waliokaa humo walikuwa viongozi vijana wa makundi madogo pamoja na mlezi wao. Walizungumzia nidhamu, ratiba, na nani anastahili nini. Wale ndio waliolala hema moja na mwenzao, waliomwona akiamka usiku kuwasha moto mvua iliponyesha, waliojua nani huosha sufuria na nani hujificha zamu ikifika. Leo vikosi vingi havina baraza hilo. Mlezi mmoja anakaa na daftari lake na kuamua peke yake, na akiwa na hasira na mzazi fulani, mtoto ndiye anayelipa.

Niliwahi kukaa jirani na kikosi ambacho mlezi wake alimzuilia binti mmoja beji ya huduma ya kwanza kwa sababu "hana heshima ya kutosha". Nilipouliza heshima hiyo imeandikwa sharti la ngapi, hakuwa na jibu. Binti alikuwa ameuliza mbele ya wenzake fedha za kambi zimekwenda wapi. Basi. Alijua kufunga jeraha kuliko nusu ya walezi waliokuwapo, lakini aliondoka skauti mwaka ule na hakurudi.

Wenzetu wa Marekani wana sheria ambayo ningependa ibandikwe kwenye mlango wa kila ofisi ya skauti hapa kwetu. Kwao hakuna kikosi, kamati, wala mtu binafsi mwenye mamlaka ya kuongeza au kupunguza sharti la daraja. Kama kitabu kinasema "onyesha", mtoto aonyeshe, kusimulia hakutoshi. Kama kitabu hakisemi sare iwe mpya, huwezi kumzuilia mtoto kwa sare kuukuu. Kabla ya kupanda daraja anakaa na jopo la watu wazima, wasiopungua watatu na wasiozidi sita, na kazi ya jopo si kumtahini upya. Wanamsikiliza wajue skauti imemfanya nini na kama masharti yametimizwa kweli. Wakimkataa, lazima wampe sababu kwa maandishi na njia ya kukata rufaa. Akikubaliwa, tarehe ya daraja lake ni siku hiyo ya jopo, na mwongozo unahimiza apewe alama yake haraka, ikiwezekana mkutano unaofuata. Sherehe kubwa huja baadaye kumtangaza, bila kugusa hesabu ya muda wake.

Nao wana ugonjwa wao. Wana maonyesho ya siku moja ambako watoto kwa mamia huketi kusikiliza mtu, kisha wanatoka na saini, na mwongozo wao wenyewe umelazimika kukemea jambo hilo. Lakini wanacho cha kukemea nacho, sheria iliyoandikwa ambayo mzazi yeyote anaweza kuifungua na kunyoosha kidole.

Maana kosa la pili, linalofanana na kuzuia, ni kugawa. Nimeona kadi za watoto thelathini zimetiwa saini kwa kalamu moja, jioni moja, siku mbili kabla ya sherehe, ili idadi ipendeze kwenye risala. Mtoto ana beji ya kuogelea na hajawahi kuingia majini. Hebu fikiri. Sheria ya kwanza ya skauti inasema heshima yake ni kuaminika, nasi tunamvisha begani uongo ulioshonwa kwa uzi, na saini yetu iko chini yake. Siku mtumbwi utakapopinduka, wenzake watamtazama yeye kwa sababu ya ile beji.

Kuhusu michango nitasema kwa ufupi, kwa kuwa jambo liko wazi. Gharama zipo: beji hununuliwa, kambi ina chakula, mtahini ana nauli. Bei itangazwe mapema, risiti itolewe, na asiye nacho asiachwe. Mtoto wa mama muuza vitumbua akitimiza masharti, kikosi kizima kitafute fedha ya beji yake, kilime shamba la mtu, kioshe magari, kifanye kazi yoyote halali. Huko nako ni kujifunza uskauti. Kumwambia abaki nyumbani siku ya sherehe kwa kukosa elfu chache ni ukatili, hata ukiuita utaratibu.

Najua hoja itakayonijibu, na si ya watu wabaya. Walezi wengi wanajitolea bila senti, wanatumia nauli zao, na wanasema: mgeni rasmi ndiye anayetuletea mahema, ndiye anayemfanya mwalimu mkuu atupe chumba, picha yake gazetini ndiyo inayowashawishi wazazi. Ni kweli mahema yanahitajika. Basi mwalikeni siku ya mahema. Mpelekeni kambini aone yaliyotoboka, watoto wampikie, wamwonyeshe daraja la kamba walilojenga. Hiyo ni siku yake na atakumbukwa nayo. Siku ya beji ina mwenyewe tayari.

Na mwenyewe anahitaji kidogo sana. Anahitaji kikosi chake kimzunguke, bendera, ahadi irudiwe na wote kwa pamoja, na mtu anayemfahamu aseme kwa sentensi mbili alichofanya hadi akafika hapo. Aseme habari za yule mtoto hasa: usiku gani, safari gani, fundo gani lilimshinda mara ngapi kabla halijamtii. Beji ashonewe au abandikwe na mzazi wake, na kama hana mzazi, na yeyote aliyemlea. Katika sherehe za daraja la Eagle, la juu kabisa huko Marekani, kuna desturi ninayoipenda: kijana mwenyewe humbandika mama yake pini, na nyingine humpa mtu mzima mmoja aliyemsaidia njiani. Mtoto ndiye anayegawa heshima siku hiyo. Sherehe ya namna hiyo haizidi nusu saa, haina spika za kukodi, na inaweza kufanyika Jumamosi yoyote nyuma ya shule, hata mtoto akiwa mmoja tu.

Kwa makamishna wa wilaya, ninaomba mambo yaandikwe na kutangazwa kabla ya msimu ujao: kila kikosi kiwe na nakala ya masharti ambayo mtoto na mzazi wanaweza kuisoma, tarehe ya daraja iwe siku masharti yalipothibitishwa, beji itolewe ndani ya wiki mbili, anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, Baraza la Heshima lirudishwe mikononi mwa vijana. Wazazi, msione haya kuuliza. Ombeni kadi ya mtoto, ilinganisheni na masharti mstari kwa mstari, na mkikuta sharti la kubuniwa, liulizieni kwa barua, mkibaki na nakala.

Na barua za mialiko ziandikwe upya. Saa ya kuanza iwe saa ya kuanza. Mgeni akichelewa, bendera ipandishwe na watoto wavishwe beji zao. Akifika, atafutiwe kiti katikati ya wazazi.