Anza na Maji

JASHO NA PUMZI
Na Mwanaidi Kombo

Tangu Rwanda ianze kuandaa triathloni ya maili 70.3 pale Rubavu mwaka 2022, wakimbiaji wa huku Tanga wananiuliza habari za baiskeli. Ninunue ipi? Ya mtumba itafaa? Kuhusu maji hawaniulizi kitu, na maji ndiyo yanayoamua nani atafika kwenye baiskeli yake na nani ataopolewa na boti.

Safari yenyewe ni kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21.1 za kukimbia. (Masafa kamili, yale yaliyoanza Hawaii mwaka 1978 kwa watu 15, ni mara mbili ya hayo.) Kwa kawaida kuogelea kumepangiwa saa 1 na dakika 10. Zikipita, siku yako imekwisha, hata uwe na miguu ya marathoni.

Mtazame mkimbiaji hodari akiingia baharini Raskazone. Mikono anaipiga vizuri, lakini kichwa anakiinua kutafuta ufuko, na papo hapo nyonga zinazama. Vifundo vya miguu vimekakamaa kwa miaka ya lami, havinyooki, kwa hiyo kila teke linamkokota nyuma. Kisha pumzi. Anaibana uso ukiwa majini. Akiinuka anataka kutoa na kuvuta kwa mkupuo mmoja, nafasi haipo. Hewa chafu inamjaa kifuani, moyo unamwenda mbio, anasimama kabla ya mita 50. Wenzake watasema hana stamina. Anayo tele! Hajafundishwa kuitoa pumzi majini, taratibu, kwa mapovu, ili kichwa kikigeuka kibaki na kazi moja tu ya kuvuta.

Hilo hurekebishika. Anayeanza aipe bahari miezi mitatu ya kwanza, mara tatu au nne kwa wiki, mita chache kila mara, na mbio azipunguze bila hofu, hazitamkimbia. Sisi wa pwani tuna maji ya bure, ila siku tuichague: maji mafu, yakikaribia kujaa, alfajiri kabla upepo haujaamka. Bamvua lina mkondo wa kumchukua mtu. Na asiingie yeyote peke yake. Wa Rubavu akumbuke pia kwamba Ziwa Kivu ni maji baridi, hayana chumvi ya kumbeba, na liko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Atapumua kwa shida zaidi kuliko hapa.

Kinachoniuma ni kwamba wengi wa wakimbiaji hawa wamezaliwa hatua chache kutoka baharini. Wavulana walijifunzia kwenye ngalawa za baba zao, wasichana wakaambiwa wakae ufukoni. Kule Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea baharini humohumo, wakiwa na mavazi ya stara yaliyoshonwa kwa ajili ya maji. Halmashauri zetu zinashindwaje kuipatia kila shule ya msingi inayotazamana na bahari mwalimu mmoja wa kuogelea? Hili ni suala la uhai wa watoto kabla halijawa la medali. Vijana wanaoijua bahari wamejaa madikoni, wengi hawana kazi ya kudumu. Wapewe mafunzo ya uokoaji, wapewe posho, waanze muhula ujao.