Uhuru Uliopaa, Delta Iliyobaki

Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya Malindi, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Wataliano waliirusha, Wamarekani waliimiliki, na kazi yake ilikuwa kuchunguza mionzi ya nyota za mbali. Kiswahili kiliazimwa jina tu. Watu wa pwani ile hawakuletewa neno.

Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba Tanzania nayo yajiandaa kurusha setilaiti yake. Washairi wasikimbilie kutunga sifa. Waulize kwanza: itasema na nani?

Jibu litafutwe katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti. Salale, Maparoni, Msala na Kiongoroni zimezingirwa na mito na mikoko. Safari ni ya chombo, na saa yake hupangwa na maji kujaa na kupwa. Mnara wa simu wataka ardhi imara na umeme, na kampuni huhesabu vichwa kabla ya kuusimamisha. Setilaiti haina dhiki hiyo. Zile za masafa ya juu hukaa karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Hizi mpya huzunguka kiasi cha kilomita 550, na baadhi zimeanza kuzungumza na simu ya kawaida ya mkononi.

Wapo wasemao kwamba hayo yatosha, soko litafika lenyewe. Hoja hiyo haina mashiko. Delta imepigwa picha kutoka angani miaka mingi, hata mikoko yake ikapimwa. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti. Mei kimbunga Hidaya kikaipiga Mafia. Jicho la juu liliyaona yote mawili. Lakini kuona si kuambia. Picha haimfai mkulima wa mpunga mpaka igeuke neno lenye siku na mahali.

Basi masharti yawekwe kabla ya roketi kuwashwa. Tahadhari ya mafuriko na dhoruba ifike bure, kwa sauti, kwa Kiswahili kinachosemwa Mbwera. Bei ya huduma ipimwe kwa gunia la mpunga, si kwa mshahara wa Dar es Salaam. Na wenyeji wa delta waitwe kwenye kikao, kwani asiyekuwapo na lake halipo. Yakikataliwa hayo, setilaiti hiyo isipewe jina la Kiswahili.