Kamba ya mlimani ni ya mzigo, si ya kufunganisha watu

Mvua ikirudi, swali moja linarudi pia kwa wale wanaopanda kutoka Uvira kwenda Hauts-Plateaux: tubebe kamba ao tuiache nyumbani?

Kule hatupandi kwa michezo. Uvira iko kando ya Ziwa Tanganyika, karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mitumba iliyo nyuma yake inapita mita 3000. Anayepanda ni mama mwenye chumvi na sabuni za kuuza, ni mwanafunzi, ni familia iliyokimbia vita na vyombo vyake vyote mgongoni. Kuna sehemu ambapo miguu haitoshi, lazima ushike mawe na majani kwa mikono. Udongo ukilowa, unateleza kama sabuni.

Wengine wanasema dawa ni kufungana kiuno kwa kiuno, baba mbele, watoto katikati. Mimi napinga. Mwaka 1865, kwenye mlima Matterhorn huko Uswisi, watu 7 walikuwa wanashuka wakiwa wamefungwa pamoja kwa kamba. Mmoja aliteleza, akavuta wengine 3. Kamba ikakatika, hao 4 wakafa. Isingekatika, huenda wote 7 wangekwenda. Na kati yao kulikuwa waongozaji waliozoea milima ile.

Kamba inaokoa ikiwa imefungwa kwenye kitu kisichoanguka: mti wenye mizizi, ao jiwe kubwa lisilotikisika. Ikifunga mtu kwa mtu kwenye utelezi, inagawa tu maanguko.

Wengine wanasema kamba ni uzito wa bure. Nao nawapinga. Mama zetu tayari wanapanda na kamba, ile inayopita kwenye paji la uso na kushika mzigo mgongoni. Pale penye mwinuko mkali, mzigo ule unavuta kichwa nyuma, na mwili unafuata. Mzigo nao unaangusha watu, si mlima peke yake.

Kwa hiyo ninashauri hivi. Kundi moja libebe kamba moja nzima ya mita 20 hivi. Mkifika pabaya, tueni mizigo. Kijana mmoja apande mikono mitupu, afunge kamba kwenye mti ulio imara, kisha avute magunia moja moja. Mtu yeyote asisimame chini ya gunia linalovutwa, maana linaangusha mawe. Mizigo ikiisha, mama apande mikono ikiwa huru, akishika kamba kama vile tunavyoshika ukingo wa ngazi.

Muiangalie kamba kabla ya kutoka, si mkiwa katikati ya mlima. Nailoni iliyofifia rangi kwa jua imepoteza nguvu. Katani iliyolowa na kuwa nyeusi imeoza. Kamba ya vipande vilivyoungwa ibaki kwa kufungia mbuzi.

Na kama huwezi kupita pale bila mwili wako wote kuning'inia kwenye kamba, basi siku hiyo njia imefungwa. Rudini, ao mungoje udongo ukauke. Mliopanda na kukwama, kumbukeni kwamba kushuka ni kugumu kuliko kupanda, kwa sababu mguu hauoni pa kukanyaga.

Najua anayekimbia risasi hachagui siku. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa familia moja moja. Wachefu wa vijiji, makanisa na wachuuzi wanaopita njia hizo wanaweza kupanga salongo: kuchimba ngazi kwa jembe pale penye utelezi, na kuacha kamba nzuri pale pabaya zaidi, ikaguliwe na mtu anayejulikana.

Tena, miti iliyo juu ya sehemu hizo isikatwe kwa ajili ya makala. Gunia moja la makala linaisha jikoni. Mti ule ndio unaoshika udongo, na ndio tutakaofungia kamba siku familia nyingine itakapokuja mbio na watoto wake.